Mkalimani wa Bulumbi

Kila Jumapili kanisani Bulumbi, mzee Opolot hutafsiri mahubiri ya Kiswahili kwa Kiateso. Ibada ikiisha, hubishana na Hudson, mpiga ngoma, yeye Opolot akishikilia kwamba kunena kwa lugha kulikoma na mitume.

Leo mama Provia, aliyemzika mwanawe Jumanne, alipiga magoti akaanza kunena kwa lugha.

"Paulo alisema, asipokuwapo mfasiri, anyamaze," mchungaji akasema, akamgeukia Opolot.

Angejibu "sielewi", angekuwa ameshinda ubishi wa miaka kumi.

"Anauliza," Opolot akasema, "Mungu alikuwa wapi Jumanne."

Provia akaacha kunena, akaitikia kwa kichwa.

Nje Hudson akamcheka. "Kumbe unaamini!"

"Lugha zilikoma!" Opolot akafoka. "Nipishe, namsindikiza mama nyumbani."