Tonge la Wawili

“Hivi shoga, mwanao yuko chuo, ndevu zote zile, na bado unampa hela ya matumizi?” jirani alimuuliza mjane mshona nguo. “Wangu yuko chuo hicho hicho, na simpi hata senti. Akomae!”

Mjane alisimamisha cherehani. Mwanawe alikuwa amerudi likizo amekonda, naye alishaanza kuhofu kwamba hela zinaishia kwenye starehe.

“Mwanangu, hela ninazokupa unazipeleka wapi?”

Kijana, aliyekuwa akipiga pasi nguo za wateja, aliinamisha kichwa. “Kukudanganya siwezi, mama. Tunakula wawili. Mtoto wa mama huyu alianguka darasani kwa njaa. Tangu hapo tonge halinishuki nikila peke yangu.”

Mjane alimtazama kama anayemwona upya, akamshukuru Mungu kimoyomoyo. Jirani akachukua mkoba wake, akatoka.