Mkate wa Tatu

Kisiwa chote kilikuwa kinahema. Ndivyo nilivyoona tuliposhuka botini, mimi na mama mkwe: mvuke ukitoka ardhini polepole, mchanga mweusi, na mlima wa volkano umejifunika ukungu, hauna haraka na mtu. Hakuna gari lililopiga honi. Nikawa natembea kama niko usingizini.

Mama mkwe hakuwa usingizini. Yeye ni mwokaji wa mikate, na njia nzima alikuwa amepakata chupa yake ya chachu. Aliachiwa na mama yake, huilisha unga kila siku, na haitoki nje ya ukoo. Jirani aliwahi kuomba kijiko kimoja tu, akaambiwa aombe figo, huenda akapata upesi.

Nilimwambia nampeleka akapumzike, apande mlima, aoge maji ya moto. Kweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba fundi saa wa mtaani kwetu ameniposa, nami namtaka. Marehemu mume wangu alikuwa mwanawe wa pekee, na mimi sina mama mwingine. Niliogopa nisije nikapata mume nikakosa mama.

Asubuhi tulipanda mlima. Majivu yalikuwa laini, miguu ikizama bila sauti. Ukungu ukatumeza, nikawa naona kilemba chake tu kikielea mbele yangu. Kila nilipofungua mdomo niliseme lile neno, lilitoka jingine.

"Mama, angalia usiteleze."

"Angalia wewe, Sindano."

Ananiita hivyo kwa kuwa nashona nguo, na kwa ajili ya ulimi wangu.

Kileleni ukungu ulifunguka. Chini yetu, ndani ya shimo la volkano, ziwa la kijani lilikuwa limetulia tuli, na wingu moja likipita ndani yake. Sijui tulikaa muda gani. Mama akaweka kiganja ardhini, akakiacha hapo kama anayepima homa ya mtoto.

"Hili tanuri," akasema. "Na kuna mtu kaliacha bila kulizima."

Basi, mapumziko yakaishia hapo. Tuliporudi akakanda unga, na mwenye nyumba tuliyofikia akatuonyesha nyuma ya jiko, mahali wanapofukia sufuria kwenye udongo wa moto. Mama akakata madonge: langu, lake, na la tatu. Tangu tumzike mume wangu hajaacha kumwokea mkate wake. Hukaa rafuni hadi jioni, kisha hupewa mpita njia. Hata huku! Nikajiambia, funga bakuli lako, mwanamke, hapa huna pa kuanzia.

Tulisubiri ndani ya bwawa la maji ya moto. Nililala chali, masikio majini, nikasikia ardhi ikinguruma mbali sana, taratibu, na kwa kitambo nikasahau kwamba nina siri.

Jioni tukafukua sufuria. Mama akaufunga ule mkate wa tatu kwenye kitambaa safi, akanikabidhi.

"Huu wa marehemu niuweke wapi?" nikauliza.

"Marehemu gani anakula mkate? Mpelekee fundi saa wako."

"Mama, nani kakwambia?"

"Saa gani hiyo inaumwa kila wiki? Nimekungoja useme mwenyewe. Kule mlimani umenionya nisiteleze mpaka nimechoka."

Nikaangua kilio, mtu mzima mimi. "Naogopa kukupoteza, Mama."

Mama alijifuta macho kwa mgongo wa mkono, udongo ukabaki shavuni. Kisha akaomba kopo tupu kwa mwenye nyumba, akafungua chupa yake, akamimina humo nusu ya chachu, akafunika na kuniwekea mapajani.

"Ilishe kila siku," akasema. "Ikifa, nakuja hukohuko kwa mumeo kukugombeza."