Vitambaa kwenye Mwavuli wa Ondiek

Anena aliteremka kutoka kambi ya polisi ya Naguru asubuhi kuchukua gomesi ya binti yake, vazi la sherehe la Kiganda, akakuta duka halipo. Si kwamba lilikuwa limefungwa, halikuwepo kabisa. Pale liliposimama jengo la zamani lenye milango ya mbao ya rangi ya bluu, sasa palikuwa na uzio wa mabati mapya, na nyuma yake vumbi na kelele za nyundo. Anena alirudi hadi kona, akaja tena polepole akisoma vibao vya pande zote mbili, maana mtu aliyeuzoea mtaa hujishuku mwenyewe kwanza kabla ya kuushuku mtaa.

"Askari," akamwita mlinzi aliyekaa langoni. "Nyumba ya vifungo iko wapi?"

"Walivunja, nnyabo. Jumapili watu walienda kanisa, kurudi, hapana kitu. Sasa watajenga ghorofa ya vioo."

"Na ile mama alikuwa nashona hapa mbele?"

"Jina yake nani?"

Hapo Anena akakwama. Miaka yote aliyomletea mama yule nguo hakuwahi kumwuliza jina, na angemwulizia nini? Mtu alikuwa pale pale kila siku, barazani kwa duka la vifungo, mkono wa kushoto ukiingia, akizungusha cherehani huku akiimba tenzi zake za kilokole. Baraza ndiyo iliyokuwa jina lake. Alijua tu kwamba ni Mkenya, Mbukusu wa Bungoma, na kwamba hajapata kuharibu nguo ya mtu.

"Simjui jina," alisema, na aibu ikamshika mbele ya mlinzi ambaye hata hakumcheka.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumamosi wakwe wa Kiganda wangekuja kwa ajili ya utambulisho wa Aol, bintiye, yaani sherehe ya posa. Gomesi ya kuazima haikuwa shida, kambi nzima ya polisi ina wanawake wenye gomesi na mioyo ya kuazimana. Kitambaa cha gomesi hii ndicho kilichokuwa shida, kwa kuwa kilinunuliwa na marehemu Tarcisio.

Tarcisio, mumewe, alikuwa konstebo aliyepangiwa kulinda mtaa huu baada ya vita vya themanini na sita, wakati maduka yalipokuwa yakifunguliwa moja moja na milango bado ina matundu ya risasi. Mtu yule aliupenda mtaa wenyewe, acha mshahara, ambao ulikuwa wa kuchekesha. Alirudi nyumbani na habari kana kwamba ametoka arusini: leo fundi wa saa amefungua, akazitia funguo saa zote zikaanza kugombana, leo tanuri la mkate limewashwa, watu wamesimama nje wakinusa tu, leo yule wa baiskeli ametundika magurudumu mapya mlangoni. Siku mwenye duka la vifungo alipofungua marobota yake ya kwanza ya nguo, Tarcisio alikuja na kitambaa cha zambarau chenye maua ya dhahabu. Ni cha Aol, akasema, cha siku atakayotambulishwa. Aol mwenyewe wakati huo alikuwa anang'oka meno ya utoto.

Kambi nzima ilicheka. Mwacholi gani anamnunulia kibogoyo gomesi? "Akiba haiozi," Tarcisio akajibu, akakitia sandukuni pamoja na dawa ya nondo. Kisha akafa yeye, kitambaa kikabaki.

Sasa Anena alikuwa na kipande kimoja tu cha kitambaa hicho, kidogo kama ulimi wa mbuzi, amekifunga kwenye pindo la leso. Ndivyo fundi yule alivyofanya kazi. Hakuandika kitu. Ukimpa nguo ashone, alikata kipande pembeni akakupa: "Hiyo ndiyo risiti yako, mama. Usipoteze."

Akaanza kutembea, roho mkononi. Pa fundi wa saa sasa paliuzwa simu. Pa tanuri la mkate palikuwa na benki, na askari mwenye bunduki kusimamia fedha mahali ambapo harufu ilikuwa bure. Anena hakuichukia benki, ilikuwa safi na inang'aa. Ila alitamani kupata mtu mmoja wa kumwambia: unakumbuka?

Kwenye kona ya mbele akauona mwavuli mkubwa wa Ondiek, yule Mjaluo mshona viatu aliyekuwa jirani wa fundi barazani. Kwenye kila ubavu wa mwavuli vilining'inia vitambaa: vitenge, hariri, sare za shule, vyekundu, vya kijani. Na kati yake, kikicheza kwenye upepo, cha zambarau chenye maua ya dhahabu.

Moyo ukamlipuka. Wamekikata! Wamekichana kitambaa cha marehemu wakafanya mapambo!

"Wezi nyinyi!" alifoka, watu wakageuka. "Kitambaa ya mzee yangu mumekata namna hii? Iko wapi ile mwanamke?"

Ondiek hakuinuka. Aliweka chini kiatu, akavuta stuli. "Kaa kwanza, mama. Risiti yako uko nayo?"

Anena akafungua leso kwa hasira. Ondiek akakishika kipande, akakilinganisha na kile cha juu, akatabasamu.

"Wewe ndiye mama wa Naguru! Hii ni mabaki tu, mama. Nguo iko mzima. Huyo fundi hajui jina ya mteja, hajui nyumba ya mteja. Anajua kitambaa. Siku walivunja alikuja hapa na mfuko ya mabaki analia. Akaniambia, Ondiek, wewe uko barabarani, funga hizi juu. Mwenye yake akipita ataiona."

Anena akakaa kwenye stuli ile. Alijiona mdogo, kisha akauangalia tena mwavuli, na safari hii aliwaona watu: kila rangi ni mtu, na kila mtu anatafutwa. Akili gani hii! Alimstaajabia mwanamke yule hadi machozi yakamlengalenga.

"Enda hiyo jengo mpya hapa nyuma yangu," Ondiek akamwelekeza. "Panda mpaka ngazi iishe. Ukipotea, angalia vyuma za ngazi."

Kweli, kila ngazi ilipokata kona palikuwa na kitambaa kimefungwa kwenye chuma. Juu kabisa, ndani ya kichumba kilichotoshea cherehani na mwenye cherehani, akasikia utenzi.

"Mama wa Naguru!" fundi aliruka. "Nimekungoja mpaka shingo inaniuma!"

Gomesi ilikuwa imetundikwa ukutani, mabega yamesimama, nzima bila dosari. Fundi akaugusa ukingo wa shingo, kushoto, penye vifungo viwili vya lulu.

"Hivi mwenye duka alinipa siku ya mwisho, akiwa anatoa vitu nje. Vya mwisho kwa sanduku. Nikasema hapana, hivi sitauza. Uliniambia mzee wako alinunua kitambaa kwa hiyo duka. Vifungo navyo vitoke hapo hapo."

Anena akaushika mkono wa nguo, akalia waziwazi, bila kujificha. Milango ya bluu ilikuwa imekwenda, lakini kipande cha mtaa wa Tarcisio kingesimama Jumamosi shingoni mwa mwanawe.

"Dada," akasema akifuta machozi, "jina lako nani?"

"Nangila. Na wewe?"

"Anena."

Wakatazamana, wakaangua kicheko, watu wazima wawili wanaotambulishana kabla ya bibi arusi.

Aliporudi barabarani, gomesi kifuani, alimwona mwanamke amesimama mbele ya mabati akigeuka huku na huku. Mkononi alikuwa na kipande kidogo cha kitenge. Anena akavuka.

"Unatafuta Nangila," akamwambia.

"Nangila nani?" mwanamke akajibu, karibu kulia. "Mimi natafuta ile mama ya vifungo."

"Ndiye huyo, dada. Jina lake Nangila," Anena akasema, akamshika mkono, akamwongoza hadi penye mwavuli.