Shahidi Aliyekalishwa Mbali

Jana, usingizi uliponipitia tu, niliota nimevaa ovaroli yangu ya kazi na nimeketi ndani ya giaboksi ya greda. Sikushangaa. Wiki nzima kichwa changu kilikuwa kinashinda humo, basi mwili nao ulikuwa umekifuata.

Inafaa kwanza niseme kisa cha greda lenyewe. Tunajenga barabara huku nje ya Namtumbo, na greda letu lilikuwa limegoma kupita gia ya kwanza. Kompyuta yake ilidai haipati hesabu ya mwendo kutoka kwenye sensa. Sensa yenyewe ni kidude cha ukubwa wa kidole gumba. Hupachikwa kwenye tundu la giaboksi, pua yake ikitazama gia, na kazi yake ni kuhesabu meno ya gia yanapopita. Nilipima waya kwa mita yangu ya umeme, nikakuta ni nzima. Nilipima sensa kwenye plagi yake, nayo nzima. Injinia Mwasomola akakata shauri kwamba kama hivyo vyote ni vizima, basi dereva ameua giaboksi. Asubuhi ingeshushwa, na dereva wetu, Kastori Ngonyani, angepanda gari la kurudi kwao Mbinga. Huyo ni Kastori ambaye hulifuta greda vumbi kabla hajanawa uso wake mwenyewe. Roho iliniuma, lakini mita yangu haikuwa na neno la kumtetea.

Sasa turudi ndotoni. Humo ndani ni mahakama. Mafuta yametufika magotini, ni ya vuguvugu, na kila mtu ameridhika nayo. Hakimu ni gia kubwa, mama mnene anayezunguka polepole kitini pake, meno yake yote yakiwa kiunoni. Karani ni kompyuta, kijisanduku cheusi kilichofunga tai.

"Kastori Ngonyani," anasoma karani. "Anashitakiwa kuua giaboksi."

"Lakini mimi niko hai," anasema hakimu.

"Mheshimiwa, hilo linahitaji shahidi."

Hakimu anakubali kwamba ndivyo sheria inavyotaka. Kastori amesimama kizimbani akiwa amekumbatia usukani. Namuuliza kwa sauti ya chini ameutoa wapi.

"Wenyewe umenifuata, dada Eulalia," anasema. "Nikienda Mbinga tutakwenda wote."

Nikaona hapo hakuna la kubishana.

Shahidi akaitwa, naye alikuwa sensa. Bwana mwembamba, mpole, mwenye pua ndefu ya chuma, ameketi mwisho kabisa wa ukumbi. Hakimu akajizungusha, meno yakapita mbele ya watu moja baada ya jingine, kila moja likitoa salamu.

"Umeona meno mangapi?" akauliza karani.

"Sijaona hata moja. Nasikia upepo tu."

Karani akaandika sifuri. Kisha akasimama juu ya meza na kutangaza kwamba pasipo hesabu hakuna mwendo, na pasipo mwendo kila mtu atachechemea, kwa usalama wake mwenyewe.

Ukuta ukawa barabara yetu, na sote tuko juu yake tunachechemea. Injinia Mwasomola anachechemea na kofia yake ngumu. Mama Rozina wa mgahawani anachechemea na birika lake. Jogoo mmoja anajaribu kukimbia, karani anamshika bawa na kumwambia, "Gia ya kwanza, tafadhali." Hata mvua iliyokuwa inatoka upande wa Songea inanyesha kwa kuchechemea: tone, halafu inapumzika, halafu tone. Hakuna anayelalamika. Kusema kweli ilikuwa na raha yake, maana hakuna aliyemwacha mwenzake nyuma.

Shida ni kwamba Kastori alikuwa anachechemea kuelekea Mbinga. Polepole, ndiyo, lakini kila nikitazama mgongo wake umekuwa mdogo zaidi.

Nikamwendea shahidi, ambaye sasa ameketi kando ya barabara kwenye kiti chake kile kile. Nikamwekea mita kifuani. Mita ikakohoa, ikasema, "Mzima huyu."

"Umeniambia hivyo wiki nzima."

"Wiki nzima umeniuliza kama ni mzima," ikajibu mita. "Hujaniuliza kama anaona. Kuuliza si ujinga, fundi, ila uulize lenyewe."

Nikaimeza hiyo. Nikainama kwa shahidi nikamuuliza mbona amekaa mbali na wenzake.

"Nimekalishwa," akasema. "Nilikuwa natokwa na jasho kidogo kiunoni, mafuta mafuta hivi. Oringi yangu, ile pete ya mpira ya kuzuia mafuta, imechakaa. Basi mtu mmoja mwenye huruma akanitandikia godoro."

Akainuka kidogo nitazame. Chini yake kulikuwa na kipande cha mpira wa buluu, kimekatwa duara kwa wembe, tundu katikati. Nilikisogelea. Kilinuka mguu wa mtu.

"Tangu niundwe sijawahi kukaa mahali laini namna hii," akaendelea. "Jasho limekoma. Ila godoro limeninyanyua mno, sioni kitu."

"Na hukusema?"

"Ningesemaje? Mtu kakutandikia kwa moyo wake wote, halafu umwambie godoro lake linakukosesha kazi?"

Nikalivuta. Shahidi akashuka kwa unene wa soli tu, na hapo hapo hakimu akawa mbele ya pua yake.

"Moja," akasema. "Mbili. Tatu. Jamani, kumbe ni mengi. Na yote mazuri."

Hakimu akaona haya, akajifunika kiuno kwa mikono. Karani akapokea hesabu, akalegeza tai, akasema mwendo upo. Watu wakanyooka mmoja mmoja. Jogoo akapita mbio bila kuaga, na mvua ikashika pumzi yake ikanyesha kama mvua za watu. Kule mbali Kastori akasimama, akageuza usukani, na yeye mwenyewe akageuka. Nilifurahi hadi nikaketi chini, kwenye matope.

"Nani aliyekupa godoro?" nikamuuliza shahidi.

"Wewe jirani akikuletea chai, utamtaja polisi?" Akafikiri kidogo. "Usimgombeze. Mwambie nashukuru. Ila anikalishe karibu."

Nikaamka. Kumekucha, na nje vyombo vya Mama Rozina vinagongana. Nikavaa, nikatoka. Kastori alikuwa kwenye benchi la mgahawa, begi lake pembeni, anakunywa chai huku akikwepa macho ya watu.

"Nilikuwa nakusubiri nikuage, dada Eulalia."

Mimi nilikuwa nimetazama chini. Alikuwa amevaa kandambili za buluu. Ya kulia ilikuwa nzima. Ya kushoto ilikuwa na tundu la duara kwenye kisigino, limekatwa vizuri kwa wembe, na ndani yake kisigino chake kilikuwa kimepakwa udongo mwekundu.

"Kaka Kastori," nikasema, "lile greda lilikuwa linavuja?"

Akauficha mguu wa kushoto nyuma ya wa kulia. Akakoroga chai ambayo ilikuwa imekwisha.

"Lilikuwa linatoa jasho tu, kidogo, pale ubavuni. Nililionea huruma. Na sisi madereva haturuhusiwi kushika spana, ndiyo maana nikanyamaza."

Nikaingia stoo nikachukua oringi mpya na spana. Niliporudi alikuwa bado ameinamia kikombe.

"Anasema anashukuru," nikamwambia. "Ila umkalishe karibu."

Kastori hakuuliza ni nani. Alilisukuma begi chini ya benchi, akanipokea spana, akatangulia.