Sampuli ya Tisa

Saa mbili asubuhi muuguzi alifunga dripu ya mama wa kitanda cha sita, akafuta kwa spiriti mdomo wa kanula iliyochomekwa mkononi, akavuta damu ya mwanzo na kuimwaga, maana huwa imechanganyika na maji ya dripu. Kisha akavuta ya kupima. Mama akapungua kitandani, kipande kingine cha mwili kikatoweka, kama alivyopungua jana na juzi.

"Umefika wapi, mwanangu?" akauliza.

"Kifuani, mama."

"Basi nivutie taratibu. Pumzi bado naihitaji."

Hiyo ilikuwa sampuli ya nane. Maabara ilikuwa imezikataa saba: hii haina lebo, hii fomu yake haina saini, hii imeletwa saa ya chai. Haba na haba hujaza kibaba, walisema wahenga, ila hawakusema ni wapi kunakopungua. Zilizokataliwa hazikutupwa. Mkuu wa maabara, ambaye manesi walimwita Bwana Mhuri, alizipanga kwenye friji zisubiri maelezo. Hakuwa na roho mbaya; alikuwa na mhuri tu.

Lebo mbili kati ya hizo alizisahau muuguzi mwenyewe, na jambo hilo lilimuuma. Alikuwa kwenye zamu ya tatu mfululizo, wagonjwa arobaini, miguu imevimba ndani ya viatu. Nafasi ya mwenzake aliyestaafu ilikuwa ingali inatangazwa tangu mwaka juzi. Alichotaka ni kimoja: majibu yatoke kungali na mtu wa kumpa dawa. Alipochomoa bomba la sampuli ya nane, kitandani ulibaki mkono wenye kanula tu.

Ya nane nayo ilikataliwa kabla ya saa sita. Lebo imebandikwa kichwa chini.

Binti ya mama alipofika kumwona, muuguzi alimweleza kwamba sehemu kubwa ya mgonjwa iko maabara, akampeleka hadi dirishani. Bwana Mhuri aliwafungulia friji.

"Shikamoo, mama," binti aliziambia tyubu.

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Binti aliomba damu hiyo hiyo ipimwe, si ipo? Bwana Mhuri alijibu kwa upole kwamba iliyokataliwa imekataliwa, waletewe mpya.

Muuguzi akarudi wodini kwa huo mkono. Safari hii aliandika jina, kitanda na saa kwa herufi kubwa, akabandika lebo huku amebana pumzi. Kitanda kikabaki na shuka tu.

Sampuli ya tisa ilipokelewa. Saa tisa majibu yakatoka: damu iko sawa, mgonjwa hana tatizo. Daktari akasaini aende nyumbani.

Binti akarudi dirishani kumchukua mama yake. Akapewa tyubu moja, ile yenye majibu. Nane zilizobaki hazikuwa na ruhusa ya kutoka.

"Tangulia, mwanangu," ilisema friji. "Sisi tutakuja."

Binti aliifunga tyubu kwenye mtandio, akaondoka akiikinga na jua. Muuguzi alitaka kulia, lakini alikuwa ameitwa wodini. Kitanda cha sita kilikuwa kimeshapata mtu, na fomu ya kuchukuliwa damu ilikuwa juu ya mto.