Kibuyu Kinaanza Wapi

Naisula alirudi kwao Msowero, Kilosa, likizo ya mwaka 1998 akiwa na barua ya profesa wake mkobani. Barua ilimpa miezi mitatu. Mirija aliyokuwa akiiotesha maabarani isipotoka na unene mmoja, nafasi yake ya masomo ng'ambo imekwisha. Mirija yenyewe ni ya kaboni, myembamba kuliko unywele mara maelfu, inayoota tanuruni juu ya chembe za chuma gesi inapopita. Yake ilitoka shaghalabaghala, minene kwa myembamba. Miaka miwili alihangaika kuipoza, kuiosha, kuichuja. Wapi.

Mama yake akamtuma akanunue vibuyu vya maziwa kwa Mwamvua, mkulima wa upande wa pili wa mto. Hakwenda kwa furaha. Ng'ombe wao waliwahi kula mimea ya yule mama, na mtu hasahau shamba lake upesi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Chagua, vyote shingo moja.”

Kweli, vililingana hadi vikamtia wivu. “Unavichonga na nini?”

Mwamvua alicheka mpaka akashika kiuno. “Nyie wafugaji, mnadhani kibuyu kinaanza siku mnapokinunua?” Akamvuta hadi shambani. Vibuyu vichanga, vidogo kama kidole gumba, kila kimoja kimetengwa na mwenzake kwa nyasi kavu na kufungwa uzi shingoni. “Nakitenga na kukifunga kingali kichanga. Kikishakomaa utakifanya nini? Utakichapa?”

Naisula aliona aibu, kisha furaha ikamjaa. Kwao kibuyu kilifika kikiwa kimekomaa. Kazi yao ilikuwa kukifukiza na kukipamba. Mirija nayo aliifanyia vivyo hivyo, akashughulikia mwisho wake tu. Kumbe chembe za chuma alizipasha moto mapema, na katika kungoja gesi, chembe zikashikamana, nyingine zikawa madonge. Kila mrija ukachukua unene wa chembe yake.

Aliporudi chuoni alizitawanya chembe mbalimbali juu ya unga wa kauri, akafungulia gesi mara tu tanuru lilipopata moto. Majaribio mawili yaliharibika. La tatu, profesa aliinamia picha ya hadubini, akapima mrija mmoja baada ya mwingine, arobaini nzima. Naisula alisimama nyuma yake.

“Ile barua yangu unayo?” profesa aliuliza hatimaye.

Alikuwa nayo. Akampa, na profesa akaichana vipande vinne.

“Andika nyingine,” alisema. “Waambie nyumbani utachelewa kurudi.”