Moshi Uliopotea

Bi Msimamo hakuonewa kupewa jina hilo. Akisema hapana, ni hapana mpaka kiama. Yeye na mdogo wake, Kitinda, waligombania kabati la marehemu mama yao, kabati lenyewe bovu, lina mlango mmoja, na tangu siku hiyo hawakusemezana. Nyumba ya baba wakaigawa kwa ukuta, kila mmoja na mlango wake, na salamu wakawaachia majirani.

Asubuhi hiyo fundi alikuja kulijaribu jiko jipya la kuni. Wiki iliyotangulia alikuwa ameliweka juu ya bamba la jiwe, pana kiasi cha kujitokeza mbele, ili kaa likidondoka lisiangukie sakafu ya mbao. Alitoboa tundu la hewa chini ya dirisha, kisha akaunganisha bomba na dohani ya zamani, ile ya matofali aliyoijenga baba kupandisha moshi hadi juu ya paa. Alipomaliza alionya.

"Dada, usiliwashe kabla sijapitisha moshi wa majaribio. Na siku hiyo lazima niingie kila chumba kinachopakana na dohani. Upande wa pili anakaa nani?"

"Hakai mtu," alijibu Bi Msimamo. Angesemaje? Kwamba aende kwa Kitinda kupiga hodi na kuomba? Yeye? Afadhali meno yote yamtoke.

Sasa fundi alitia majani mabichi jikoni, akayawasha, akafunga mlango wa chuma. Wakatoka uani, wakainua shingo kutazama kilele cha dohani. Wakangoja. Kilele hakikutoa moshi, na ndege mmoja ametulia pale juu na unyasi mdomoni.

"Ndege kajenga kiota ndani, kaziba," fundi alisema polepole. "Lakini ndani kwako moshi haukurudi. Basi umekwenda wapi?"

Bi Msimamo aliacha kutazama juu. Alijua ulikokwenda. Baba alijenga dohani moja kwa vyumba viwili vilivyopeana mgongo, na walipokuwa wadogo walikuwa wakiingiza vichwa mekoni, huyu huku na yule kule, wakiitana. Dada, upo? Nipo! Walipogawana nyumba, Kitinda aliziba meko ya upande wake kwa ubao, basi.

"Fundi, upande wa pili yuko mdogo wangu."

Fundi aligeuka. "Na jiko hujaliwasha, sivyo?"

Jana jioni baridi ilimzidi Bi Msimamo, akaliwasha. Moto ulikuwa mzuri, akakaa mbele yake kama malkia. Kisha akasikia sauti nyembamba ndani ya bomba: Dada! Dada! Akajiambia, huyo kaanza uchokozi wake. Akaongeza sauti ya redio.

"Jana," alisema. "Mpaka kuni zikaisha."

"Moto una hewa yake isiyo na rangi wala harufu, Dada. Mtu hulala nayo asiamke." Fundi alikuwa ameshaokota nyundo.

Walikimbia kuzunguka nyumba. Kila alfajiri Kitinda alifagia uwanja wake, na ufagio ule ulimkera kweli. Leo hakuusikia. Alipoamka kwenye ukimya alifurahi.

Pazia lilikuwa limefungwa. Alipiga mlango kwa ngumi, kwa viganja, kwa bega. "Kitinda! Mdogo wangu! Fungua!" Kimya. Fundi alivunja kioo cha dirisha la chumbani, na moshi wa majani mabichi ukawatokea usoni. Kitandani hapakuwa na mtu. Wakaingia kwa dirisha.

Walimkuta mlango wa nyuma, jikoni. Alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, pua kwenye mwanya chini ya mlango, mkono umeuelekea ufunguo ambao hakuufikia. Fundi akaufungua mlango, wakamburuta hadi nje. Bi Msimamo akampakata, akampigapiga mashavu, akamwomba Mungu ovyo ovyo, mpaka Kitinda akakohoa, akatapika, akafumbua macho mekundu.

Fundi alitoka mbio kutafuta gari la kumfikisha hospitali.

Kitinda alimtazama dada yake kwa muda, kama anayehakikisha ni yeye.

"Kichwa kiliniuma, miguu ikakataa," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Nikakuita mekoni, kama zamani. Lakini najua, jiko linavuma. Usingeweza kusikia."

Hapo Bi Msimamo alikuwa amepewa pa kutokea, na hakuna ambaye angejua. Alimshika mdogo wake kwa nguvu.

"Nilisikia," alisema.